Tumeandika Kufiwa, Hatujaandika Kuuguliwa

Kwa miaka 11 nimefundisha Kiswahili sekondari, huku Temeke, na miaka yote hiyo nilikuwa na jibu moja tu kuhusu hospitali. Swali la riwaya likija, mwanafunzi anaandika "huduma duni za afya", anataja kitabu, anataja mhusika, anatoa mfano wa mistari miwili mitatu, anahamia hoja inayofuata. Mimi naweka vema. Hakuna aliyewahi kunilalamikia, si mkuu wa shule, si mzazi. Watoto wanafaulu.

Mwaka jana mama alianguka chooni alfajiri, nyumbani Yombo. Tulipomwinua mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia hauna nguvu. Tukampakia kwenye bajaji. Hospitali aliyolazwa siitaji. Itoshe kusema ni moja ya zile ambazo mtu wa Temeke, Kinondoni au Ilala akizidiwa usiku ndiko anakokimbizwa, zenye foleni inayoanza kabla hakujakucha. Nilikaa naye siku tisa. Mkobani nilikuwa na madaftari ya Kidato cha Nne ya kusahihisha, pamoja na vitabu vyenyewe. Ninachotaka kuandika hapa ni kuhusu hivyo vitabu, na hasa kuhusu namna tunavyovisoma, ila kumtenganisha mama na hili siwezi.

Vitabu kila aliyepita sekondari miaka ya karibuni anavijua. *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo: Zita, binti wa mama muuza chakula, anang'atwa na mbwa kule dampo, anapata kichaa cha mbwa, anakufa. *Joka la Mdimu* ya Abdallah Safari: mtoto Cheche anahitaji matibabu nje ya nchi, baba yake Amani hana pesa hizo, na mwishowe anaingia kwenye wizi ili azipate. Tamthiliya ya *Orodha* ya Steve Reynolds: Furaha anakufa kwa UKIMWI na kuacha barua ambayo watu wanaiogopa kabla hata haijasomwa. Kote humo kuna mgonjwa, na kote humo mimi ubaoni nilikuwa nachora mishale. Umaskini, mshale, dampo, mshale, mbwa, mshale, kifo. Mishale ni mizuri kwa mtihani. Inamfikisha mtoto kwenye kifo haraka, na kwenye kifo ndiko alama ziliko.

Usiku wa pili wodini, dada aliyekuwa na mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anaongea na simu kwa sauti ya chini, nadhani na bosi wake. Akasema, "Nimeuguliwa bosi, nimeuguliwa na mama mkwe, sitaweza kuja." Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote na nimelisema mara nyingi, lakini usiku ule ndo nililisikia vizuri. Hebu liangalie. Anayeugua ni mgonjwa. Anayeuguliwa ni mimi. Siumwi popote, ila ugonjwa umenifika, kama vile kifo kinavyomfika aliyefiwa. Kiswahili kimempa huyu asiyeumwa kitenzi chake mwenyewe, hakikumwacha asimame pembeni kama mtazamaji. Halafu kuna kuuguza, ambayo ni kazi ya mikono, na ndiko alikotoka muuguzi, jina la ofisini la nesi. Yaani lugha yenyewe ilishaipanga wodi zamani: kuna anayeugua, kuna anayeuguliwa, kuna anayeuguza. Sasa nikajiuliza, nimewahi kufundisha mhusika gani kama mtu aliyeuguliwa?

Kufiwa tumekuandika hadi basi. Tunajua kumleta msiba ukurasani, turubai, vilio, majirani na sufuria zao, mjomba mwenye neno la kusema. Kuuguliwa mara nyingi ni aya ya kupita tu kwenda huko. Mhusika anapelekwa hospitali mwishoni mwa sura, na sura inayofuata ikifunguka, ama amepona ama tumeshamzika. Vitabu vyenyewe si maskini kama notisi zangu, hilo nakiri, lakini hata navyo vina haraka wodini. Mwandishi wetu akifika mlangoni anatazama ndani, anaona uozo wa jamii, anaghadhibika, anaondoka. Ni kama wale wageni wa saa ya kuona wagonjwa wanaosimama miguuni pa kitanda na kusema "pole, Mungu atasaidia" huku mlinzi akigonga geti.

Na huko ndani kuna nini? Kuna kazi. Mgonjwa wa kiharusi anageuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Mimi sikujua. Aliyenifundisha ni yule yule dada wa mama mkwe, fundi cherehani wa Tandika, ambaye naye alifundishwa na mwingine aliyekuwa ameshatoka. Unakunja shuka, unaliingiza chini ya mgongo, mmoja huku mmoja kule, mnahesabu, mnavuta. Uji unalishwa mgonjwa akiwa ameketi, kijiko kwa kijiko, unasubiri ameze ndipo uongeze, kwa sababu ukimharakisha unaingia njia ya hewa. Hotpoti ya asubuhi lazima ivuke geti kabla muda haujaisha, na mlinzi wa geti ana roho yake. Mama ana miaka 64, kwa hiyo kisera hatozwi, na dirisha la wazee lipo, lakini msamaha hauleti dawa iliyokwisha. Unaandikiwa kikaratasi, unatoka nje kwenye maduka ya barabarani, unauliza bei duka la kwanza, la pili, la tatu, kisha unarudi la kwanza. Faili likipotea unalitafuta wewe. La mama lilipotea asubuhi nzima, na nilipolikuta lilikuwa chini ya mafaili ya wodi nyingine, na dozi ya asubuhi ilikuwa imeshapita. Hapo nilipandwa na hasira kwelikweli. Ukinipa mtihani siku ile ningeandika huduma duni za afya kwa wino mwekundu.

Lakini ninalotaka kusimulia ni la usiku wa nne.

Dripu ya mama iliisha kama saa nane za usiku na damu ikaanza kurudi kwenye mrija. Nikaenda kwenye meza ya manesi, hakuna mtu. Nikaita. Sauti ikajibu kutoka mwisho wa wodi, nyuma ya pazia: "Nakuja." Nikangoja. Nikaita tena. "Nakuja, dada." Mara ya tatu nikasimama katikati ya wodi, wagonjwa wamelala wengine vitandani wengine kwenye magodoro chini, nikapayuka: "Nyie watu hamna huruma hata kidogo!" Ilikuwa sauti ya darasani, ile ya kuwafikia wa nyuma kabisa.

Akaja baada ya muda, nesi kijana, amenyamaza. Akafunga mrija, akausafisha, akatundika chupa nyingine, akaondoka. Ni dada wa Tandika aliyeninong'oneza: yule bibi wa kitanda cha mwisho amefariki. Nesi na mwanafunzi wake walikuwa wanamwosha na kumfunga. Usiku ule walikuwa wawili tu kwa wodi nzima.

Kama saa tisa na nusu alikaa mezani kuandika. Mimi usingizi umekataa, nimetoa madaftari. Akaniuliza, bila kuinua kichwa:

"Unasahihisha nini, mwalimu?"

"Riwaya."

"*Joka la Mdimu*?"

"Hiyo na nyingine."

"Cheche," akasema. "Niliisoma Kidato cha Nne. Swali la huduma za jamii lilikuja. Nikaandika hospitali zetu mbovu, watumishi hawajali. Nikapata B ya Kiswahili." Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akageuza ukurasa akaendelea kuandika. Aliandika muda mrefu sana. Sikuwahi kumwomba radhi kwa maneno. Asubuhi nilimpa chai kutoka kwenye chupa yangu, akaipokea.

Nimemfikiria sana yule nesi kama msomaji wa fasihi. Mtu amefundishwa na mwalimu kama mimi kwamba kazi ambayo baadaye ataifanya ni mfano wa hoja namba tatu. Sisemi riwaya iwasifie manesi. Wapo wanaotukana wajawazito, wapo wanaotaka chochote ndipo wakuone, na mwandishi anayelificha hilo ni msemaji wa wizara. Ninachosema ni kwamba kutoka nilipokuwa nimesimama, uzembe na kumstiri marehemu vilisikika sawa: sauti nyuma ya pazia ikisema "nakuja". Kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, ni lazima mtu avuke pazia. Hiyo ndiyo kazi ya riwaya. Kama haiifanyi, haimzidi kitu mwenye hasira kama mimi.

Kuhusu ule uandishi wake wa muda mrefu, yupo aliyeshaandika. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Adrienne Strong, alikaa kwa muda katika hospitali ya mkoa huko Rukwa akifuatilia vifo vya wajawazito, na mwaka 2020 akatoa kitabu, *Documenting Death*. Karatasi ni sehemu kubwa ya kitabu hicho: fomu, mafaili, taarifa za vifo, na namna mtumishi anavyojikuta akiihudumia karatasi huku mgonjwa akimsubiri. Ni utafiti, si hadithi, na umeandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomi wenzake. Nikikisoma naona wivu. Mgeni kakaa wodini kwetu kuliko watunzi wetu.

Siku ya sita mama alianza kuongea vizuri kidogo. Akaniuliza nasoma nini, nikamsimulia kisa cha Zita, tangu dampo hadi kaburini, kwa mishale yangu ile ile. Mama hakwenda shule zaidi ya darasa la nne, lakini amekulia Rufiji kwenye mbwa wa kila aina. Akanisikiliza, halafu akauliza kwa ule mdomo uliokuwa bado mzito:

"Walimwosha kidonda na sabuni?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua kitabu kukagua kama mwanafunzi aliyeshikwa.

Swali hilo ni uhakiki kuliko chochote nilichowahi kuandika ubaoni. Kichaa cha mbwa hakiui siku ya kung'atwa. Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla dalili hazijaanza. Zikianza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya hapo mlango uko wazi: kidonda kinaoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha sindano za chanjo, zaidi ya moja, kwa siku tofauti zilizopangwa. Kwa hiyo kati ya meno ya mbwa na kifo cha mtoto kama Zita kuna siku nyingi za kawaida kabisa. Kuna siku ambayo kidonda kimeanza kukauka na mtoto anacheza. Kuna siku mama anaamua kati ya nauli ya kwenda kuuliza sindano na mtaji wa maandazi ya kesho, na anachagua maandazi, na siku hiyo hakuna kinachotokea, kwa hiyo anaona amechagua vizuri. Kuna siku amefika dirishani akaambiwa arudi wiki ijayo. Msiba wenyewe umo kwenye siku hizo ambazo hazina tukio, na mshale wangu uliziruka zote. Nilikuwa nawafundisha watoto wa Temeke, ambao mbwa wa dampo wanawajua kwa sura, kwamba Zita aliuawa na "umaskini". Ni kweli. Lakini umaskini haung'ati. Unachofanya ni kuchelewesha, na kuchelewa ni jambo ambalo riwaya inaliweza kuliko maandishi mengine yote, kwa sababu riwaya ina kurasa za kupoteza.

Nilipotoka nilianza kutafuta nani amewahi kuandika hospitali kutoka ndani. Nilichokipata hakiko kwa Kiswahili wala hakiko Dar. Ni *Pilgrims Way* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1988, miaka 33 kabla ya Nobel. Mhusika wake, Daud, ni kijana kutoka kwetu, yuko Canterbury, Uingereza, na kazi yake ni mhudumu wa chumba cha upasuaji. Anasafisha. Anamenyana na ubaguzi mitaani, anafuatilia kriketi ya West Indies, anapendana na Catherine, mwanafunzi wa uuguzi, na kichwani mwake anaandika barua ambazo hazitumi. Gurnah mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya uhudumu hospitalini alipokuwa kijana huko Uingereza, na inaonekana: mtu huyu anajua sakafu. Hospitali yake haisimami kwa niaba ya jambo lingine, si mfano wa taifa bovu wala ishara ya kifo. Ni mahali ambapo kuna zamu, kuna bosi wa zamu, kuna mop, kuna wanaokusalimia na wasiokuona. Ukisoma unagundua kwamba jengo lile lile linabadilika kabisa kutegemea kimo cha macho. Daktari analiona akiwa amesimama, mgonjwa akiwa amelala, Daud akiwa ameinama.

(Na kama unataka kuona Gurnah akimcheka daktari, fungua *Admiring Silence*, ya mwaka 1996. Inaanzia kwa daktari, na daktari huyo ana nadharia zake kuhusu mioyo ya watu weusi. Nilicheka peke yangu kwenye daladala.)

Ila hata *Pilgrims Way* haikunipa chote. Kwanza haihusu wagonjwa, inamhusu Daud. Pili, hospitali ya Uingereza haiombi hotpoti. Mgonjwa analishwa na kugeuzwa na waajiriwa. Yule dada wa Tandika na shuka lake hana nafasi Canterbury, na kwetu bila yeye wodi haiendi hata siku moja. Anayeuguliwa, kwa maana yetu, hawezi kutoka kwa Gurnah. Itabidi atoke huku.

Na malighafi ipo, mpaka kwenye majina. Mama mkwe wa yule dada alipewa rufaa kwenda Muhimbili, na wiki iliyofuata nilipopiga kumjulia hali akaniambia, "Tuko Kibasila." Mtu wa Dar anajua, Kibasila ni jengo la wodi, kama Mwaisela, kama Sewahaji. Hakuna anayesimama kufikiri kwamba Sewa Haji alikuwa tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, aliyetoa mali yake kujenga hospitali ya wenyeji, au kwamba Kibasila ni yule wa Majimaji, ambaye pia ni mhusika katika *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein. Nimefundisha *Kinjeketile* mara ngapi, na watu wangu wamelazwa Kibasila mara ngapi, na sijawahi kuziweka hizo mbili kwenye sentensi moja hadi leo. Shujaa wa tamthiliya amekuwa mahali ambapo mama wa mtu anageuzwa kila saa mbili. Mtunzi wa hapa mjini angeanzia hapo tu asingekosa la kusema.

Mama sasa anatembea kwa fimbo. Mkono bado.

Niliporudi darasani nikafuta mishale. Nikawapa Kidato cha Nne zoezi: Zita ameng'atwa Jumatatu, andika siku tano zinazofuata, mtu yeyote asife. Walinung'unika. "Mwalimu, hii inakuja kwenye mtihani?" Haiji. Zaidi ya nusu waliandika vile vile nilivyowazoesha, aya tatu zenye utangulizi, kwamba jamii yetu inakabiliwa na tatizo la huduma duni za afya. Niliwapa alama zao, kwa sababu Novemba haisubiri na msahihishaji wa taifa atataka hivyo hivyo. Wachache walijaribu. Mvulana mmoja aliandika kuhusu mbwa tu, siku zote tano, alikolala na alichokula.

Daftari moja lilinishika zaidi, la binti ambaye mwaka juzi alikosa shule muhula karibu mzima, na mimi nilimwandika mtoro kwenye rejista. Aliandika Mama N'tilie anakwenda dirishani kuuliza bei ya sindano, anatajiwa, anatoka nje anakaa kwenye benchi, kisha anarudi dirishani kuuliza tena, labda aliyekaa pale amebadilika na bei imebadilika. Anafanya hivyo mara tatu. Dirisha linafungwa. Anarudi nyumbani kwa miguu na nauli anayo. Hapo ndipo karatasi ilipoishia. Sikuweka vema wala alama. Pembeni niliandika: "Njoo ofisini, nataka kujua ulimuuguza nani."